Kusomea sauti mpaka PhD: niliyojifunza kutoka kwenye ilimba na utando wa buibui

Vijana wengi wanaopiga kinanda kanisani au wanaotengeneza biti geto wananiuliza kama inafaa kuendelea na shahada za juu za muziki, yaani masters ya utafiti au PhD, na wengi wanadhani ukifika huko unapiga chombo kwa ustadi zaidi, unajua kodi (chords) nyingi zaidi, unatunga vitu vikubwa. Kuna shahada za upigaji na za utunzi, zipo na ni nzuri, ila shahada ya utafiti inakutaka uje na swali ambalo halijajibiwa, ukae nalo miaka, afu uandike jibu ambalo mtu wa Nairobi au Accra au Berlin akilisoma analielewa na anaweza kulipinga kwa hoja. Unaweza kumaliza yote hayo vidole vyako vikiwa vizito kuliko ulivyoingia, maana muda wa mazoezi unaliwa na kusoma. Kinachonolewa ni masikio. Na jambo nililotoka nalo mimi, ambalo ndio limenifanya nikae niandike haya yote, ni kwamba ukiingia kwenye utafiti wa sauti swali linalokuja kabla ya yote ni masikio ya nani unayaamini.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwaya, kinanda nilijifunza kwa kusikiliza kwanza noti zikaja baadae, na baada ya digrii ya kwanza nikapata kazi ya kufundisha Dodoma. Huko ndiko nilipokutana na muziki wa Wagogo kwa karibu. Nilikuwa naujua kwa mbali kama Watanzania wengi tunavyoujua, zile sauti za kupokezana zinazoruka juu ghafla, zeze, akina mama wa muheme wanaobana ngoma katikati ya mapaja na kuzipiga huku wakicheza, na marehemu Hukwe Zawose aliyefariki 2003, yule mzee wa Bagamoyo aliyeufikisha muziki huu Ulaya na Japan. Lakini kuujua kwa redio ni kitu kimoja, kukaa mita mbili kutoka kwa mtu anayepiga ilimba jioni nje ya nyumba yake ni kitu kingine kabisa.

Ilimba, kwa asiyeijua, ni sanduku la mbao lenye vyuma vilivyofuliwa vikapangwa juu yake na unavibonyeza kwa vidole gumba, ukoo mmoja na mbira ya Zimbabwe na likembe ya Kongo. Kwenye uso wa lile sanduku kuna matundu, na juu ya matundu fundi anabandika ule utando mweupe mwembamba ambao buibui wa ukutani anafunikia mayai yake. Chuma kikilia, utando unatetemeka nao, na unasikia mvumo fulani umeshikana na sauti, zzzz hivi, unakuja na kuondoka kulingana na nguvu ya kidole. Mtu wa studio akiusikia mara ya kwanza anaangalia waya, anadhani kuna jeki imelegea. Mimi niliusikia nikataka kujua unafanya kazi gani pale, na hilo ndilo likawa PhD yangu.

Hapo niwape la kwanza, mnaoandika propozo. Supavaiza wangu alikuwa na tabia moja ambayo wenzangu waliiona ya kikatili ila kwangu ilikuwa zawadi, ukimletea kurasa ishirini anakuuliza tu, "Unataka kusikia nini?" Sio unataka kujua nini. Kusikia. Kwa sababu propozo nyingi za muziki, nimezisoma za kutosha sasa, zinaweza kuandikwa na mtu kiziwi, kuna historia, kuna kabila, kuna utandawazi, kuna umuhimu wa kuhifadhi utamaduni, ila sauti yenyewe haimo. Ukilazimika kujibu unataka kusikia nini, mada inasinyaa yenyewe na inakuwa na makali. "Muziki wa Wagogo na mabadiliko ya jamii" haisikiki. Mvumo wa utando kwenye ilimba unasikika, unarekodika, unapimika, na mwenye ilimba ana maoni nao.

Mambo ya vibali ntapita haraka. Ukiwa mwanafunzi wa chuo cha hapa nyumbani unapewa barua ya chuo, unakwenda nayo mkoani kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), wilayani kwa DAS (katibu tawala wa wilaya), halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, na kila ofisi inatoa yake. Wageni kutoka nje wanaanzia COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia. Ruhusu muda wa kutosha, beba nakala nyingi, vaa kiheshima, na jua salamu ya wenyeji. Ukiingia kijijini ukasema "Mbukwenyi!" kabla ya Kiswahili chako cha pwani, mazungumzo yanaanza kwa namna nyingine.

Vifaa ndio watu wanapenda kuongelea kwa hiyo nami ntaongelea kidogo. Huhitaji vitu vya bei mbaya. Rekoda ya mkononi inayotoa WAV ya biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, inatosha kwa kazi nyingi, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho watu wa maktaba za sauti duniani wanakipendekeza, wakipata nafasi wanapanda 96,000. Kwa stirio ya 48,000 saa moja ya kurekodi inakula kama gigabaiti moja, kwa hiyo piga hesabu ya memori kadi kabla hujapanda basi. Usirekodi MP3, hata ukiambiwa tofauti haisikiki. MP3 inatupa kile ambacho programu inakisia sikio la binadamu halitakisikia, sasa wewe mtafiti unayetafuta mvumo mdogo juu ya sauti kubwa utapimaje kitu ambacho programu imeshaamua hakina maana? Na upepo wa Dodoma nauheshimu sana. Nunua ile kofia ya manyoya ya maiki, au shona, fundi cherehani akielewa unachotaka anakutengenezea nzuri tu. Kingine ni levo, acha nafasi juu, kwa sababu mzee akiwa anajaribu kabla ya kuanza anapiga polepole, akija kuchangamka na wajukuu wakaanza kuitikia sauti inapanda mara mbili, na sauti iliyopasuka haina dawa.

Sasa twende kwenye kiini.

Nilirekodi ilimba zilezile kwa namna tatu. Ya kwanza ikiwa na tando zake kama fundi alivyoiacha. Ya pili tando zikiwa zimetolewa, na hapa lazima mwenyewe akubali na azitoe kwa mkono wake, usiguse chombo cha mtu. Ya tatu nikachukua ile ya kwanza nikaisafisha kwenye kompyuta kama fundi wa studio angeisafisha, mvumo ukapungua mpaka karibu haupo. Afu nikazunguka nazo kwa mafundi wa ilimba, wapigaji, na wasikilizaji wa kawaida, nikawachezea kwa spika bila kusema ipi ni ipi, nikawaacha waongee.

Mzee mmoja fundi, ambaye nilikuwa namwita babu na yeye akiniita mjukuu wangu wa Tanga, alisikiliza ile iliyosafishwa akiwa ameinamisha kichwa, mpaka ikaisha. Afu akasema, "Hii ni chuma tu. Anayepiga yuko wapi?" Nikamuomba anifafanulie. Akanieleza kwamba utando ndio unaokuonyesha mkono wa mtu, mwenye mkono mzito mvumo wake haukatiki na unachosha, mwenye mkono mwepesi haupati, na mjuzi anauita pale anapoutaka na kuunyamazisha pale anapotaka maneno ya wimbo yasikike. Wapigaji wengine niliokuja kuwahoji mbali na pale walisema karibu hayohayo kwa maneno yao. Mwingine alikataa kabisa kuimba juu ya ilimba isiyo na tando, akasema atamuitikia nani. Na mama mmoja ambaye hapigi, yeye ni wa ngoma, akaongeza jambo ambalo halikuwepo kwenye maswali yangu wala kwenye vitabu nilivyovisoma. Alisema ilimba isiyo na utando haiwafikii waliokaa nyuma.

Hiyo sentensi ya mama ilinipa sura nzima ya tasnifu. Nilirudi kwenye spektrogramu, ile picha inayokuonyesha sauti imegawanyika vipi kutoka chini kwenda juu, na ukiitazama unaona alichokisema. Vyuma vikubwa vya ilimba sauti yake ya msingi iko chini, na sauti ya chini ikipigwa nje uwanjani, kuna watu wanaongea, kuna mbuzi, kuna upepo, inapotea upesi. Mvumo wa utando unaweka nguvu juu kule, kwenye maelfu ya hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, na sikio la binadamu linasikia vizuri zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Kwa hiyo utando unaibeba ilimba kwenda kule sikio linakosikia vizuri. Kuna zaidi. Chuma kilichobanwa upande mmoja milio yake ya juu haijipangi kwa mara 2, 3, 4, 5 ya sauti ya msingi kama uzi wa gitaa, iko ovyo ovyo na inazimika haraka, ndio maana kile kipigo cha mwanzo kina ka-mlio ka kugonga. Lakini utando unatetemeka kwa kufuata mwendo wa sauti ya msingi, kwa hiyo milio unayoongeza inajipanga kwa mafungu ya ile sauti ya msingi, na sikio likipata mafungu hayo linaijua noti vizuri zaidi, hata sauti ya msingi yenyewe ikiwa haipo. Ndio sababu mtu anasikiliza ilimba kwenye spika ya simu ndogo ambayo haina uwezo wa kutoa besi na bado anaifuata besi ya wimbo.

Fikirini hapo. Kile ambacho mtu wa studio angekiita uchafu ndicho kinachoifanya noti ieleweke. Kompyuta yangu ilikuwa na data hiyo muda wote, ila kompyuta haijui iangalie wapi. Mama alijua, kwa sababu yeye amekaa nyuma kwenye sherehe maisha yake yote.

Jambo hilihili la masikio ya nani lilijitokeza tena kwenye kutyuni. Sisi tuliolelewa na kinanda tumezoea oktevu iliyokatwa vipande 12 vilivyo sawa. Watafiti wanapima kwa senti, kipimo alichokiweka Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885, oktevu nzima ni senti 1,200 na kila kipande cha kinanda ni senti 100. Gerhard Kubik wa Austria, aliyezunguka Tanzania miaka ya 60, alieleza kwamba sauti za Wagogo zinafuata milio ya asili, yaani yale mafungu ya sauti ya msingi niliyoyataja, kuanzia la 4 mpaka la 9. Maana yake nini kwa mtu wa kwaya? Chukua do yako kuwa mlio wa 4. Mlio wa 5 unakuja senti 386 juu yake wakati mi ya kinanda iko senti 400. Mlio wa 7 uko senti 969, na kinanda chako hakina kitu hapo kabisa, kina 900 na kina 1,000. Tofauti ya senti 31 ni kubwa, sikio lolote linaisikia. Ndio maana ukiweka kinanda chini ya waimbaji wa Kigogo wanaoimba kwa asili yao, kuna mahali panagombana, na mara nyingi wanaoambiwa wamekosea ni waimbaji. Nimekaa kwenye kwaya ambazo mwalimu anawashusha na kuwapandisha watu mpaka wafuate kinanda, na wale watu walikuwa wameshika mlio wa 7 ambao upo kwenye maumbile ya sauti yenyewe, upo kwenye uzi, upo kwenye tarumbeta, hata kwenye koo lako unapoimba noti moja. Naumia nikikumbuka. Saivi nikifundisha nawaanzishia wanafunzi na ndono, ule upinde wa muziki, wasikie wenyewe ile milio inavyotoka kwenye uzi mmoja kabla sijawaonyesha kinanda chochote.

Ila hapa pia nawaonya watakaokuja, msiende kijijini na hiyo 969 kichwani mkaanza kuitafuta. Ilimba nilizozipima zinatofautiana, fundi anavuta chuma mbele sauti inashuka, anakirudisha nyuma inapanda, na anasimama pale anaporidhika yeye. Wengine walikuwa karibu sana na ile milio ya asili, wengine walikuwa pembeni kidogo na hawakuona shida yoyote, maana kuna uvumilivu fulani, kuna eneo ambalo noti ikiangukia ni sawa. Ukubwa wa hilo eneo hauupati kwa programu. Unampelekea mtu sauti, unaisogeza kidogo, unamuuliza, unaisogeza tena. Inachukua jioni nzima na chai nyingi. Programu zipo na ni za bure kabisa, Praat iliyotoka Amsterdam waliyoitengeneza watu wa fonetiki, Sonic Visualiser ya Queen Mary kule London, Audacity kila mtu anaijua, ELAN ya kuandikia maneno yanayokwenda sambamba na sauti au video. Jifunze zote nne, hakuna kisingizio cha pesa hapo.

Kuhusu rekodi za zamani. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ILAM mwaka 1954, alipita Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 50 na kurekodi watu wengi wakiwemo Wagogo, na alikuwa anatumia uma za kutyunia (tuning forks) kupimia sauti za vyombo papo hapo. Nyuma zaidi, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alipita kusini huko Lindi na Newala na mashine ya fonografu akiwarekodi Wayao, Wamakonde na wengine kwenye mitungi (silinda) ya nta isiyobeba zaidi ya dakika chache. Maktaba ya ILAM saivi iko Makhanda Afrika Kusini, mitungi ya Wajerumani wa zama zile ilikusanywa Berlin. Kwa hiyo mtoto wa Chamwino hapa Dodoma akitaka kusikia alivyoimba bibi wa bibi yake anahitaji intaneti nzuri na Kiingereza. Mimi sioni sababu ya hili kuendelea.

Nilizipakua nilizoweza kuzipata kwa ruhusa nikazipeleka kijijini kwenye memori kadi. Tulikaa chini ya mti, watu wazima na watoto, na nikawasha. Sikutarajia vicheko. Bibi mmoja aliwasikia waitikiaji kwenye rekodi ya miaka sabini iliyopita akasema huyu wa tatu amechelewa kuingia, alikuwa anaangalia mzungu. Watu wote wakaanza kumtafuta huyo wa tatu kwenye rekodi. Afu wakaanza kuuimba ule wimbo pamoja na rekodi, na mara wakauacha ule wa kwenye rekodi nyuma wakaongeza beti ambazo hazimo, na mimi rekoda yangu ilikuwa inazunguka. Ile dakika kumi na kitu ndiyo nyenzo bora kuliko zote nilizonazo. Unasikia sauti za 1950 na sauti za leo zinapishana, na unasikia wapi mtindo umebaki na wapi umehama.

Njia hii sikuianzisha mimi. Mmarekani Steven Feld aliishi na Wakaluli wa Bosavi kule Papua New Guinea, akaandika kitabu kuhusu nyimbo na ndege wa msituni kikatoka 1982, afu akarudi nacho akawatafsiria walewale aliowaandika, wakamsahihisha, wakambishia, wakamwambia umeacha hili na umelikuza lile. Na yeye akayaandika hayo majibu yao. Nilipoisoma habari hiyo mwaka wa kwanza nilijua ndivyo ntakavyofanya. Kila sura ya tasnifu yangu iliyohusu ilimba niliisimulia kwa Kiswahili mbele ya wenyewe kabla haijafika kwa supavaiza, na pale babu alipobisha nimeandika kwamba alibisha na kwa nini. Kwenye defensi, pale unapotetea tasnifu yako, mtahini wa nje aliliuliza hilohilo, kwa nini maoni ya mzee wa kijijini yanasimama sawa na kipimo cha mashine. Nikamjibu kwamba mashine inapima mtetemo, na ilimba ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaosikiliza, kwa hiyo nikitaka kujua kama sauti ni sahihi nawauliza wanaosikiliza, nikitaka kujua kwa nini ni sahihi ndio naenda kwenye mashine. Alitaka mifano, nikamchezea sauti. Kwenye defensi ya muziki chezea watu sauti, msiende na slaidi tupu.

Kuna la haki pia. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inagusa sanaa za jadi, COSOTA wa hakimiliki na BASATA wa sanaa wapo, lakini sheria haitakaa na wewe kijijini. Wewe ndiye umeshika faili. Mtu akikuimbia wimbo wa msiba au wa jando kwa kukuamini, na baada ya mwaka produsa fulani mjini anakuomba "sampo kidogo tu", jibu unalo au huna? Mimi nilikubaliana na kila mtu mapema, kwa maneno yake mwenyewe yakiwa yamerekodiwa, zipi nicheze darasani, zipi niweke kwa umma, na zipi zibaki kwetu. Zipo ambazo hata kwenye tasnifu hazimo. Produsa wa singeli aliwahi kuniomba mvumo wa ilimba autumie, na kiukweli wazo lake lilikuwa zuri, lakini nilimuunganisha na fundi mwenyewe wakaongea, wakapatana malipo, na fundi akapiga upya kwa ajili yake. Namna hiyo mwenye sauti anajua inakwenda wapi na mfuko wake unajua.

Pesa na upweke navyo vipo, sitavificha. Miaka mitatu ya kwenye karatasi inarefuka, ufadhili wa muziki ni haba ukilinganisha na wa kilimo au afya, na kuna kipindi cha kuandika ambacho ndugu zako wanakuuliza bado unasoma tu. Kilichonisaidia ni kuendelea kufundisha siku chache kwa wiki, na kuendelea kuimba. Usiache kuimba au kupiga eti kwa sababu uko bize na utafiti, mwili unasahau na baadae unaandika kuhusu kitu usichokifanya tena. Wasomi waliopita walilijua hili, Mantle Hood aliandika mwaka 1960 kwamba mtafiti ajifunze kuupiga muziki anaouchunguza, na Kwabena Nketia wa Ghana, aliyefariki 2019 akiwa na umri mkubwa sana, alikuwa mtunzi na mtafiti kwa pamoja maisha yake yote. Mimi nilijifunza ilimba kwa babu, na kubandika utando pia. Ukibandika umelegea haulii, ukiubana sana unapasuka siku ya kwanza. Wengine saivi wanatumia nailoni nyembamba kwa kuwa inadumu, na babu alikuwa anaikubali kwa ilimba ya kujifunzia watoto ila ya kwake hapana. Huo utafiti wa nailoni na utando wa asili, zinavyotofautiana kwa sauti na kwa namna mpigaji anavyobadilisha mkono wake, upo wazi, mwanafunzi yeyote wa masters aje tuongee.

Na la mwisho ni ombi kwa yeyote mwenye ndugu Dodoma, Singida, Manyara, popote pale. Kwenye masanduku ya wazee kuna kaseti za harusi, za kwaya, za ngoma, zilizorekodiwa kwa redio kaseti miaka ya 80 na 90. Usizitupe na usizianike juani. Kabla ya kuicheza izungushe kwanza kwa penseli, kama utepe umeganda utausikia unakwama, hapo usilazimishe. Tafuta deki inayozunguka sawasawa, safisha hedi, kile kichuma kinachogusa utepe, kwa spiriti na pamba, chomeka kwenye laptopu, rekodi kwa Audacity, hifadhi WAV ya biti 24 na kamwe usiiguse hiyo faili ya asili, ukitaka kusafisha safisha nakala. Afu kaa na mzee anayewajua walioimba, mchezee, na uandike majina, kijiji, mwaka kama anaukumbuka, na ilikuwa shughuli gani. Kama mzee yupo na afya si nzuri, anza na yeye, kaseti itasubiri.